Mwalimu Anajibu: Jumamosi Moja ya Pompeii

Barua tatu za mwezi huu zinafanana. Kila mmoja anataka kuondoka asubuhi, ayaone mambo ya kale akiwa na mtu anayeyajua, na jioni awe amerudi. Nimefundisha Historia sekondari kwa miaka 31 hapa Dodoma. Italia nimefika mara mbili, mwaka 2016 kwa hija na mwaka 2025 kumtembelea mwanangu, mtawa anayesoma Roma. Nitajibu kwa yale niliyoyatembea mwenyewe.

BARUA YA KWANZA

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa kilimo, ofisi yetu iko Mtumba. Mwezi ujao nakwenda Roma kwa mafunzo ya wiki mbili, na Jumamosi ya katikati tumeachiwa huru. Nataka kuiona Pompeii, ule mji wa kale wa Warumi uliofukiwa na volkano. Kuna kampuni inauza safari ya basi ya siku moja, inakuchukua hotelini na kukurudisha. Rafiki yangu ananiambia nipande treni mwenyewe, mwongozaji nimpate hukohuko. Wenzangu ofisini wanasema nitatupa posho kwenda kuangalia mawe. Baba yangu ni mkulima wa zabibu Hombolo na ningependa kurudi na la kumsimulia. Nishauri.

Marahaba mwanangu. Panda treni.

Basi nimelipanda, ndiyo maana sisiti. Mwaka 2016 tulikuwa watu hamsini na kitu. Tulichukuliwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukazungushwa hoteli nne kukusanya wengine, tukasimama njiani kunywa kahawa. Kisha tukaingizwa kwenye karakana ya vito vinavyochongwa kwa kombe za baharini, tukakaa dakika arobaini kungoja wanaonunua. Baada ya hapo piza. Tulifika lango la Pompeii saa nane mchana, jua la Julai limesimama utosini, na tukaambiwa tuna saa moja na nusu tu. Kila mtu alipewa kidude cha kusikilizia, changu kilikoroma tangu mwanzo hadi mwisho. Mbele kabisa niliona mwavuli wa njano umeinuliwa, na kila nilipofika pale uliposimama, ulikuwa umeshaondoka. Ule mji nilikuwa nimeusoma tangu chuo cha ualimu. Nilirudi kwenye basi nimeona migongo ya watu, na njia nzima hadi Roma sikuweza kuzungumza na mtu.

Kwa hiyo sikiliza. Stesheni ya Roma Termini kuna treni za kasi zinazokwenda Napoli kwa saa moja na dakika kumi hivi. Sisi tuliozoea SGR ya Dar hatutashangaa mwendo, ila chukua ile ya saa moja asubuhi, usingoje ya saa tatu. Ukishuka Napoli Centrale, teremka ngazi hadi chini, kituo cha Garibaldi, utafute treni iitwayo Circumvesuviana ya kuelekea Sorrento. Hiyo ni treni ya watu wa kawaida, imejaa, ina joto. Mkoba uweke mbele kifuani, maana wezi wa mifukoni wapo. Baada ya dakika arobaini hivi utashuka Pompei Scavi – Villa dei Misteri. Shika jina lote. Kuna kituo kingine kiitwacho Pompei tu, nacho kitakushusha kwenye mji wa leo.

Tiketi ya kuingilia siku hizi ina jina la mwenyewe, na tangu Novemba 2024 hawaruhusu zaidi ya watu 20,000 kwa siku. Nunua mapema mtandaoni, andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, na pasipoti uwe nayo. Wala usijaribu kuisogeza safari hadi Jumapili ya kwanza ya mwezi kwa kuwa kiingilio ni bure. Siku hiyo panakuwa kama mnada wa Msalato.

Sasa mwongozaji, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza siku yao. Italia kuongoza watalii ni kazi ya leseni. Mwenye leseni ana kitambulisho na hachukii ukiomba kukiona. Ukitoka stesheni utaitwa na watu kushoto na kulia kama wapiga debe wa stendi ya Nanenane, wasalimie, pita. Kabla hujalipa, uliza mambo matatu. Kundi lina watu wangapi? Tutatembea kwa saa ngapi? Tutafika upande wa uwanja wa michezo, kule kwenye mizabibu? Watu wakizidi kumi na wawili, au saa zikipungua tatu, tafuta mwingine. La mizabibu nitakueleza.

Mwaka 2025 mwongozaji wetu alikuwa mama wa Napoli, wa rika langu, na sisi tulikuwa wanane. Tuliingia kwa lango la Porta Marina. Nilitegemea aanze na makaisari. Alitusimamisha kwenye njia panda, akamwomba kijana mmoja achuchumae, aweke mkono kwenye ufa mrefu uliochimbika kwenye mawe ya barabara. Mkono ukazama hadi kwenye kiwiko cha kiganja. Akanyamaza. Tukatazama ule ufa, tukaona wa pili sambamba nao, na hapo kila mmoja akaelewa bila kuambiwa: ni magurudumu. Mikokoteni imepita palepale, mwaka baada ya mwaka, mpaka jiwe gumu la volkano likalika. Mbele kidogo kulikuwa na mawe matatu makubwa yamepangwa kukatiza barabara, watu wavukie wasikanyage maji machafu, na kati ya jiwe na jiwe imeachwa nafasi ya gurudumu kupita. Aliyewahi kuvuka barabara ya mtaa wetu mvua ya Januari ikiwa imekolea hahitaji kutafsiriwa mawe yale ni ya nini.

Alikwenda hivyo kwa muda wa saa tatu na nusu, kitu kimoja, kisha kimya. Kwenye kizingiti cha nyumba moja kuna mbwa mweusi aliyetengenezwa kwa vijiwe vidogovidogo sakafuni, ana mnyororo shingoni, na chini yake maneno ya Kilatini: Cave canem, jihadhari na mbwa. Nilikumbuka mageti ya Area D yaliyoandikwa "Mbwa mkali". Kwenye tanuri la mwokaji mikate waliyemwita Modestus, wachimbaji walikuta mikate 81, mviringo, imegeuka mkaa. Mtu aliitia tanurini na hakurudi kuitoa.

Mlima wenyewe, Vesuvius, unauona ukiwa uwanja mkuu wa mji, umekaa nyuma ya hekalu la Jupita. Ulilipuka mwaka 79. Kwanza vilinyesha vijiwe vyepesi, vile vinavyoelea majini, saa nyingi mfululizo, mapaa yakaelemewa. Asubuhi ya pili likashuka wingu la gesi na jivu la moto, na waliokuwa wamebaki hawakupona. Tunajua mengi kwa sababu kijana wa miaka 17, Plinius Mdogo, aliutazama mlipuko kutoka ng'ambo ya ghuba na baadaye akauandika kwenye barua. Mjomba wake alivuka na merikebu kwenda kuokoa watu, akafia huko. Tarehe iliyozoeleka vitabuni ni 24 Agosti. Mwaka 2018 yakapatikana ukutani maandishi ya mkaa yenye tarehe ya katikati ya Oktoba, na wengi sasa wanaegemea Oktoba. Hata kabla ya hapo kulikuwa na shaka, na moja ya vitu vilivyoleta shaka ni divai. Mitungi ilikuwa imeshafunikwa. Zabibu zilikuwa zimeshavunwa.

Hapo ndipo tunapofika kwa baba yako.

Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, aliyekuwa akisimamia uchimbaji, aliona kwamba miili iliyooza ndani ya jivu lililoganda imeacha matundu yenye umbo la mtu. Akaamuru wamimine plasta kwenye matundu hayo, na wakatoka watu: mmoja amejikunja, mwingine amejiziba uso. Wengi watakuonyesha hao, nawe simama nao kwa heshima, ni marehemu. Lakini jambo hilohilo lilifanyika kwa mizizi. Karibu na uwanja wa michezo kulikuwa na eneo kubwa lililo wazi, ambalo wachimbaji wa zamani walidhani ni mnada wa ng'ombe, wakaliita Foro Boario, na jina limebaki. Miaka ya 1960 mwanahistoria mmoja Mmarekani, Wilhelmina Jashemski, alichimba pale kwa uangalifu, akakuta vitundu vya mizizi. Wakaondoa vijiwe ndani ya kila kitundu, wakamimina saruji, wakaiacha ikauke, kisha wakafukua udongo pembeni. Ikatoka mizizi ya mizabibu. Zaidi ya 2,000, mistari imenyooka, na kando ya kila mzabibu tundu la mti wake wa kuegemea.

Mimi nimezaliwa Mpunguzi. Nimekua nikipogoa zabibu kabla ya kwenda shule, vidole vyeusi kwa utomvu. Niliposimama kwenye mistari ile, ambayo kuanzia miaka ya 1990 imepandwa tena mizabibu ya asili ya kwao, nilichuchumaa nikatazama shina. Kila mzabibu una mti wake, hakuna nguzo za zege na waya zinazovuka shamba zima kama kwetu. Aina mojawapo wanaiita piedirosso, yaani mguu mwekundu, kwa rangi ya vikonyo vyake. Mchuzi wa zabibu waliuweka kwenye mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini hadi shingoni, usipate joto. Mweleze baba yako hilo, yeye anayejua mchuzi ukikaa juani nusu siku unakuwaje. Na umwambie jingine litakalomfurahisha: wao, pamoja na udongo wao wa volkano, huvuna mara moja kwa mwaka. Hombolo mnavuna mara mbili.

Watu wengi hawafiki upande huo. Uko mwisho wa mji, miguu imechoka, na mwongozaji mvivu anageuzia katikati. Ndiyo maana nimesema uulize kabla.

Wenzako wanaosema ni mawe, waulize kama wamewahi kusikia Rhapta. Karne ileile Pompeii ilipofukiwa, mfanyabiashara mmoja Mgiriki kutoka Misri ya Warumi aliandika mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi, na kituo chake cha mwisho kusini, kwenye pwani hii yetu ya Afrika Mashariki, ni soko aliloliita Rhapta, ambako walinunua pembe za ndovu. Walikuwa wanatujua. Sisi kwenda kuona barabara zao si kupotea njia.

Vaa viatu vya soli nene vilivyokwishazoea mguu wako, kofia, na chupa tupu ya maji. Mabomba ya kujazia yapo mitaani humo. Begi liwe dogo, kubwa hawaliruhusu ndani. Chakula cha mchana kula umesimama.

BARUA YA PILI

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mama yetu ana miaka 68, ni mwana WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) hapa Kongwa, na mwaka huu tumemchangia aende hija Roma pamoja na wenzake. Siku moja imeachwa kwa matembezi, na kundi limechagua Pompeii. Mama ana goti bovu, anatembea na mkongojo. Tumwambie abaki hotelini apumzike? Yeye analia anasema hakwenda huko kulala.

Milele amina. Mama ana haki ya kulia. Msimwache hotelini.

Pompeii yenyewe haimshindi kabisa, kwa sababu ukiingilia mlango wa Piazza Anfiteatro kuna njia iliyosawazishwa, zaidi ya kilomita 3, waliyoiandaa kwa wenye viti vya magurudumu na wazee. Lakini safari ya kwenda na kurudi Roma siku moja, na mawe ya pale ukitoka nje ya njia hiyo, kwa goti bovu sitashauri. Mpelekeni Ostia.

Ostia ilikuwa bandari ya Roma, kwenye mlango wa mto Tiber. Mto umeleta udongo karne kwa karne, na sasa bahari iko kilomita kama tatu kutoka hapo. Treni yake inaondokea kituo kilicho kando ya metro ya Piramide, kwa tiketi ileile ya mabasi ya mjini, na nusu saa amefika. Ukishuka kuna daraja la waenda kwa miguu la kuvuka barabara kuu. Hapo ashikwe mkono. Jumatatu pamefungwa. Mtafute mwongozaji mwenye leseni kwa ajili ya mama na mwenzake mmoja tu, saa mbili zinatosha, na mwelezeni mapema habari ya goti.

Asijaribu kuumaliza mji. Barabara kuu ni ndefu na mawe yake yamepanda na kushuka. Aende hadi kwenye ukumbi wa michezo ya kuigiza, akae kwenye ngazi, chini ya hewa ya misonobari. Nyuma ya ukumbi huo kuna uwanja wa wafanyabiashara wa meli, na kila ofisi ilikuwa na picha yake ya vijiwe sakafuni, nyeusi kwa nyeupe: merikebu, pomboo, vipimo vya nafaka. Moja ina ndovu. Hiyo ni ya wafanyabiashara wa Sabratha, mji ulioko Libya ya leo. Nilipoiona nilikaa chini kabisa. Nimeishi karibu na Ruaha, nimewaona ndovu, na yule mchoraji naye alikuwa anajua anachora nini.

Halafu, na hili ndilo ninalotaka mama alipate, nje tu ya magofu kuna kijiji kidogo chenye ukuta, na ndani yake kanisa la Sant'Aurea. Mtakatifu Monika, ambaye akina mama wetu wanamwomba kwa ajili ya watoto waliopotea, alikuwa Mwafrika, kwao ni Thagaste, Algeria ya leo. Alifia Ostia mwaka 387 akiwa anangoja na mwanawe Augustino meli ya kuwarudisha nyumbani. Aliwaambia wanawe wasihangaike watamzika wapi, ila wamkumbuke altareni. Mwaka 1945 kilipatikana hapo kipande cha jiwe la kaburi lake, chenye maandishi, na kimewekwa ndani ya kanisa. Masalia yake yalihamishiwa Roma zamani, yako kanisa la Mtakatifu Augustino, huko wenzake watampeleka. Lakini pale Ostia ndipo alipokata roho. Nilimkuta mama mmoja Mwitaliano ameegemea ukuta, anasali rozari kwa kunong'ona, nami nikakaa upande wa pili nikasali yangu kwa Kiswahili.

Mkongojo uwe na mpira mpya chini. Ule ulioisha unateleza juu ya mawe.

BARUA YA TATU

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Historia sekondari moja ya kata wilaya ya Bahi. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanapenda habari za miji ya kale na wananiuliza lini watakwenda kuona. Ulaya hatuendi. Je, kuna safari ya siku moja kutoka huku yenye maana hiyohiyo?

Marahaba mwalimu mwenzangu. Ipo, na mimi niliifanya kabla sijaona Pompeii. Wapelekeni Kolo.

Michoro ya miambani ya Kondoa iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono. Kutoka Dodoma mjini hadi Kolo ni kama kilomita 180, lami, hivyo kutoka Bahi mwondoke alfajiri kabisa. Mtapita Kondoa mjini, mtasimama ofisini pale Kolo kando ya barabara kuu, mtalipa na kupewa mwongozaji. Bila yeye hampandi. Basi la shule halifiki juu, hivyo pangeni mapema landkruza za kuwapandisha kwa zamu, na kipande cha mwisho ni kwa miguu, mlima kweli.

Mwongozaji aliyetupeleka alikuwa mzee Mrangi. Tulipofika chini ya jabali, wanafunzi wangu walianza kusema hakuna kitu. Mwamba mtupu, madoa. Yeye akasema tu, "Ngojeni." Tukangoja. Baada ya dakika kama mbili msichana mmoja akanyoosha kidole, akamwona mtu. Mwembamba kama unyasi, mwekundu, nywele zimetuna pembeni ya kichwa. Kisha mwingine akaona twiga. Kisha wote wakawa wanapiga kelele, kila mtu ana wake. Ile mimi ndiyo iliyonifundisha mwongozaji ni mtu gani, na ndiyo niliyokuwa naitafuta Italia.

Atawaeleza kwamba michoro myekundu ndiyo ya kale zaidi, ya wawindaji, na myeupe ilikuja baadaye pamoja na wakulima. Atawaeleza pia kwamba wazee bado wanakuja kutambika pale kuomba mvua. Kwa hiyo waingie kama wanaingia kwa watu. Wasiguse mwamba, na wasimwagie michoro maji ili ipendeze kwenye picha, kama wengine walivyofanya wakaiharibu.

Kila mwanafunzi abebe kofia, maji ya kutosha na daftari la kuchorea, kwa penseli. Na kabla hamjapanda gari wapekue mifuko, mwalimu, chaki zote zibaki darasani.